Upande wa Kushoto wa Bi Zakiya

Kwa siku ya nne mfululizo Fahmi alifika Kibokoni kwa dada yake, akavua viatu, akatoa salamu, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, kushoto mwa kitanda. Bi Zakiya alikuwa amegeukia kulia, akizungumza na bintiye, Swabaha.

"Maradhi haya yamenijulisha watu," alisema. "Fahmi, ndugu yangu wa tumbo moja, hata kukanyaga mlangoni pangu!"

"Dada, mimi hapa!"

"Wasikia, Swabaha? Hata sauti yake yanijia masikioni kwa kumtamani. Mwenyewe hayuko."

"Mama, mjomba yuko hapo kando yako."

"Wapi? Sioni mtu mimi."

Fahmi aliumia moyo. Ni yeye aliyemkuta dada yake asubuhi ile mdomo umepinda, akamkimbiza hospitali kwa tuktuk. Ni yeye aliyesimama na Daktari Kioko akaonyeshwa picha ya ubongo yenye doa jeupe upande wa kulia, kama tone la tui.

"Mashine hii ya MRI hutazama maji yanavyotembea ndani ya ubongo," daktari alimweleza. "Damu ikizibwa njia, maji hukwama, na pale yalipokwama hung'aa pichani. Hiki ni kiharusi kibichi."

Kilichomfariji Fahmi kidogo ni sahani. Bi Zakiya alikuwa akila chakula cha upande wa kulia tu, nusu ya kushoto haigusi, kisha analalamika kuwa Swabaha ampimia chakula. Fahmi, kwa kuchelea israfu, akawa anaimaliza nusu ile mwenyewe.

Baada ya wiki tano wakarudi kupiga picha nyingine. Weupe umetoweka. Bi Zakiya akapiga kigelegele mle mle chumbani mwa daktari.

"Nimepona! Unga uletwe, nikande mahamri!"

"Pole pole, mama," Daktari Kioko akasema. "Weupe kuondoka maana yake kiharusi kimezeeka. Pale pamebaki kovu, na upande huo wa kulia wa ubongo ndio uangaliao kushoto. Ubongo wako umesahau kwamba kuna kushoto, sharti tuukumbushe."

Fahmi akaruka kitini. "Kumbe! Basi nihamie kulia?"

"Usithubutu! Kaa papo hapo kushoto. Mwite, mguse mkono. Wewe ndiwe dawa."

Tangu siku hiyo Fahmi akawa dawa kila alasiri. Aliita, aligusa mkono, aligonga sahani kwa kijiko. Shingo ya Bi Zakiya ilifika katikati, ikachoka, ikarudi kulia. Hata Ijumaa moja kijiko kikagongwa, shingo ikaenda, ikapita katikati, ikafika. Akamkuta nduguye na hamri mdomoni, mchuzi wa mbaazi ukimchuruzika kidevuni.

"Fahmi! Umekuja lini?"

"Wiki ya saba hii, dada."

"Na hamri hiyo ni ya nani?"

Swabaha alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Zakiya hakucheka. Machozi yakimlenga, akanyoosha mkono wake mzima wa kulia, akamfuta kidevu kwa ncha ya leso.

Kesho yake Fahmi alimshika mkono wakatoka kupunga upepo. Hatua ya tatu, bega la kushoto la dada likagonga mwimo wa mlango, pu!

"Lo!" Bi Zakiya akafoka. "Ni nani aliyeusogeza mlango huu?"

Akasimama, akageuza shingo taratibu mpaka akauona mwimo wote, akaupita.