Majirani Walionizika Kabla ya Mkopo

Siku Franck aliponiambia kwamba nimekufa, nilikuwa nimekaa mbele yake na pochi yangu mapajani, mzima kabisa, tena na njaa. Franck ni ajenti wa mikopo katika koperative ambako naweka akiba yangu, hapa Uvira. Nilikuwa nimeomba mkopo wa kununua mashine ya kukoboa mpunga. Mzee mmoja wa Luberizi alikuwa anauza yake, na alikubali kuningoja hadi mwisho wa mwezi, kabla ya mavuno. Miaka yote nimenunua mpunga kule, nikapanga mstari kwenye mashine za watu, nikalipa, nikarudi na faida ya kununua chumvi. Safari hii nilitaka wengine wapange mstari kwangu.

"Mama, dosie yako ilikataliwa," Franck alisema.

"Juu ya nini?"

Akainamisha kichwa. Kijana ana adabu, lakini adabu haikoboi mpunga. Nikamwambia faili hiyo ni yangu na jina ni langu, basi anisomee kilichoandikwa humo. Akanisomea. Alikuwa amefika mtaani kwetu, Mulongwe, kuuliza majirani kama mimi, Nizigama Libérate, ni mtu wa kulipa madeni. Papa Bonaventure, mwalimu mstaafu, alisema hajawahi kulisikia jina hilo. Sidonie, fundi wa nguo, alisema huyo alihamia Mulenge. Naye Generose, ambaye ua wake unapakana na wangu, alisema mama huyo alishakufa, Mungu amlaze pema.

"Na huyu mwenye anakuongelesha ni nani?"

"Naona uko muzima, mama. Lakini koperative haiwezi kukopesha muntu mwenye majirani yake hawamujue."

Nilibishana naye mpaka mlinzi akachungulia. Mwishoni Franck akakubali kurudi mtaani Alhamisi ya juma lililofuata. Akaniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba akiba yangu inakuja kama mvua ya kiangazi, na kwamba muuza magunia wa sokoni bado ananidai. Ingefaa nimalize deni hilo, kisha niwe naweka akiba kidogo kidogo kila juma. Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilirudi nyumbani nikichemka. Papa Bonaventure nilimkuta mlangoni kwake, na kabla sijafungua kinywa akaanza kucheka kwa furaha, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Chadrack! Walikuambia? Nilikulinda!"

"Ulinilinda na nini, papa?"

"Kulikuya kijana moja, viatu vinang'aa, dosie kwapani, anataja jina yako yote. Nikajua ni muntu wa takse, wa kulipisha kodi. Nikamuambia simujue!"

Sidonie naye alikuwa akijisifu hivyohivyo. "Nilimutuma Mulenge," aliniambia, pini mdomoni. "Apande milima, achoke, asirudie tena."

Ningewaambia nini? Kwetu mtu mgeni mwenye dosie akitaja jina lako lote, hajakuletea zawadi. Mimi mwenyewe nimeshawaficha wote wawili, tena kwa uongo mtamu zaidi. Wema wao ndio ulioniponza. Nikacheka nusu, nikalia nusu, nikawaeleza kijana yule ni nani.

Kwa Generose yalikuwa mambo mengine. Tulikuwa hatusalimiani tangu bata wake waliponilia mpunga niliouanika juu ya turubai la shitingi, nami nikamfungia mmoja ndani ya jiko langu usiku mzima. Nilisimama kwenye ua wa matete. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Weye Generose, uliniua juu ya nini?"

"Muntu wa kufa hakuna mwenye anamufata," alijibu bila kuacha mchi. "Ulitaka nimuoneshe mulango yako?"

Mwanamke asiyenipa hata salamu alikuwa amenisemea uongo bila kuombwa. Niliona aibu, na aibu ikanikasirisha.

"Alhamisi anarudia. Mumuambie kweli."

"Kweli yote?"

"Yote."

"Hata mambo ya bata?"

"Hata ya bata," nikasema, na kabla sijafika mlangoni kwangu nilikuwa nimeshajuta.

Kesho yake nilimlipa muuza magunia, ambaye nilikuwa nikimkwepa kwa kuzungukia nyuma ya soko. Alinitazama kama mtu aliyeona mvuvi akirudisha samaki ziwani. Kisha nikapeleka koperative akiba ndogo, na juma lililofuata nikapeleka tena.

Alhamisi Franck alipofika, nilijificha nyuma ya matete. Mume wangu Pontien aliniambia ni aibu. Nikamwambia aende akaangalie kama niko sokoni.

Papa Bonaventure alikuwa amefunga kravati shingoni. Akatoa hotuba ndefu kwamba mimi nalipa madeni hata kabla ya kukopa. Franck akakohoa. Sidonie akasema nalipa, ndiyo, lakini nabishana bei mpaka sindano inashika kutu. Halafu ikawa zamu ya Generose, nami nikashika matete kwa mikono miwili.

"Analipa," alisema. "Lakini iko na kelele huyu mama! Alinifungia bata. Asubuhi akaniletea ule bata, matusi mingi, na yai moja juu. Bata ilikuwa ilitaga mu jiko yake. Kama angelikula, minye ningejuaje?"

Franck aliandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: nikishindwa kulipa, ni nani atakayesimama nyuma yangu na kulipa? Pontien hakuweza, maana ni nyumba moja. Papa Bonaventure akatazama kravati yake. Sidonie akakumbuka kwamba ameacha nguo ya mteja kwenye mashine. Siwalaumu, hata mimi ningekumbuka kitu. Niliiona mashine ya Luberizi ikienda kwa mtu mwingine.

"Andika jina yangu, minye," Generose akasema.

Nikatoka nyuma ya matete bila kujali nani ananiona. "Generose, unajua mambo yenye unasema? Nikishindwa, watakuya kubeba vyombo vyako!"

"Najua. Basi usishindwe." Akamgeukia Franck. "Nilimuambia nitasema kweli yote. Njo hii kweli yangu. Nitaweka kidole wapi?"

Nililia pale pale, mbele ya ajenti, na sikujali. Generose akaniambia niache kupiga kelele.

Mashine inanguruma uani kwangu sasa, na mstari upo. Nimelipa miezi minne bila kuchelewa, na pale koperative wananisifu wakidhani nawaogopa wao. Ninayemwogopa yuko upande wa pili wa matete, na kila mwisho wa mwezi anapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Libérate! Ulishalipa?"