Kiti cha Kushoto

Mwanamke niliyemwonea wivu tangu masika sikuwahi kumwona hata kivuli. Niliona alipokalia tu.

Kiti cha kushoto cha gari letu, kiti changu mimi, kilikuwa kimebonyea, na mkanda wake umelegezwa kumtosha mtu mwenye mwili. Mume wangu Philbert alikuwa amerudi kutoka Mbeya jana yake, peke yake kama alivyoondoka. Nikakaa pale na ufagio wangu mkononi nikajifunga ule mkanda. Ulinitosha barabara. Kumbe huyo mtu ni saizi yangu, nikawaza, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Mwanaume akifuata mwembamba, walau unajua anachokikimbia.

Nieleze kwanza habari za gari. Philbert anauza mchele hapa Kihesa, Iringa, na mchele anaufuata Rujewa kwenye mashine za kukoboa. Ana Escudo ya zamani anayoipenda kupita kiasi. Njia za mashambani kule Usangu zikilowa hazipitiki, kwa hiyo akaifunga springi ndefu, akaliinua gari mpaka nikawa napanda kwa kujivuta na mlango kama napanda trekta. Tangu siku hiyo gari likaharibika tabia. Nikikaa mimi kushoto, linavuta kushoto, na tairi za mbele zinalika upande. Fundi wa kwanza hapa mjini aling'oa usukani, akaurudisha ukiwa umenyooka, akasema tayari. Usukani ulinyooka kweli, gari likaendelea kutafuta mtaro.

Ndipo mtu akamwelekeza kwa fundi mmoja wa Mbeya, nami nikapoteza mume. Kila akienda Rujewa, lazima apitilize Mbeya. Nyumbani Philbert ni mtu wa maneno machache: lete chumvi, mlango umefungwa, tulale. Lakini akitoka Mbeya alikuwa anaongea mpaka ugali unapoa. Fundi amesema springi mpya zinalala kidogo kidogo, lazima alaimenti, huko kunyoosha tairi, irudiwe. Fundi amesema tairodi, vyuma vinavyogeuza tairi, zimekaa mshazari, ndiyo maana usukani unatikisika kwenye mashimo. Fundi, fundi, fundi. Jina hakutaja hata siku moja, na mimi kwa kiburi sikuuliza.

Ya kiti lakini niliuliza.

"Ulikuwa mzigo," akasema.

"Mzigo gani unafungwa mkanda?"

"Mzigo tu, Mama Happy." Akageuza uso, nikaona anatabasamu kwa siri.

Lile tabasamu sikulisamehe. Nilimweleza jirani yangu Esta tunayeimba naye kwaya, badala ya kunituliza akaniambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikakata shauri. Safari ijayo naenda naye, na nikikuta ninachokitarajia, nashuka na mfuko wangu, napanda basi hadi Ifunda kwa kaka zangu, na Kihesa hawanioni tena. Nikafungasha vitenge na sweta. Sikuwa natania.

Philbert hakunikataza kwenda, ila tulipofika Igawa, wakati nanunua mahindi ya kuchemsha, akaniambia kwa sauti ya upole ambayo si yake, "Ushuke Rujewa, ukamsalimie Mbuke. Nitakupitia nikirudi."

Mbuke ni mke wa Maganga, Msukuma anayetuuzia mpunga. Mtu mwema sana, lakini siku hiyo niliona ni kikapu cha kunifichia.

"Mbuke nitamsalimia siku nyingine," nikasema, nikapanda gari.

Njia nzima gari lilikwenda limenyooka. Nikamuuliza, kama limenyooka, Mbeya tunafuata nini? Akasema springi zimelala tena, anataka kuhakikisha. Nikatazama mashamba ya mpunga ya Chimala, nikahesabu vituo mpaka Uyole, mwanzo wa jiji la Mbeya.

Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji iliyosawazishwa vizuri kuliko sebule yangu. Chini ya pikapu moja ikatoka miguu, kisha kiuno, kisha uso. Fundi alikuwa mwanamke. Ovaroli ya bluu, kitambaa kichwani, grisi shavuni. Na alikuwa mwembamba, wa kupeperuka. Kile kiti hakikubonyezwa na huyu, hata mtoto angeona, lakini wivu haujui hesabu.

"Karibu wifi," akasema, akinipa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa michafu. "Mimi naitwa Minza. Leo amekuleta."

Wifi. Kaka yake amenioa lini?

Wakaanza kazi. Minza alivuta kamba mbili, moja kila upande wa gari, akawa anapima kwa rula kutoka kwenye kamba hadi kwenye ringi, mbele na nyuma ya kila tairi. Philbert alikaa nyuma ya usukani kama alivyoagizwa, akawa anamweleza jinsi gari lilivyojisikia kwenye kona za Mlima Nyoka, lilivyoyumba kidogo lori lilipotupita, alivyoogopa, alivyofurahi lilipotulia. Mikono yake ilichora barabara hewani. Minza alimtania, naye akacheka mpaka akafuta macho. Nimeolewa na yule mtu na nimemzalia, na sikuwa najua kwamba kona zinamwogopesha. Sikuwaza tena kama analala naye. Nilichoona pale ni kwamba anaongea naye, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikashika mfuko wangu. Nilikuwa natafuta neno la kuagia.

"Kaka," Minza akasema bila kuinua kichwa, "gunia iko wapi leo?"

Philbert akakohoa.

"Gunia gani?" nikauliza.

Minza akatutazama wote wawili. "Hajakwambia? Wifi, hii gari imeinuliwa. Mtu akikaa kushoto inainama, tairi inageuza uso, inavuta. Kwa hiyo naipima na watu wake ndani. Wengine wanakuja na wake zao. Huyu anakuja na gunia ya mchele, tunaikalisha pale, tunaifunga mkanda. Ndiyo wewe."

"Mimi ni gunia?"

"Siyo gunia zima," akasema upesi. "Alisema ulishateguka mguu kule mashambani kwa Maganga, akakubeba mgongoni mpaka barabarani. Basi akawa anabebabeba magunia pale mashineni, anaongeza, anapunguza, mpaka mgongo wake ukakubali, akasema huyu ndiye."

Nikamtazama Philbert. Alikuwa anakagua mabati ya dari kama anataka kuyanunua.

"Ningekwambia twende Mbeya ukapimwe kama mchele, ungekuja?" akauliza mabati.

Minza akanifungulia mlango. Nikapanda, nikajifunga mkanda. Akazunguka na rula yake, akapima kushoto, akapima kulia, akarudia. Kisha akaweka spana chini.

"Sigusi nati hata moja," akasema. "Mgongo wake unapima vizuri kuliko mizani. Ila mimi nilimshauri, wifi. Nilimwambia, kwa kuwa mara nyingi yuko peke yake barabarani, niipange bila gunia. Akakataa. Sasa akiwa mwenyewe inamvuta kulia, anapambana nayo mpaka Iringa. Anasema bora imsumbue yeye." Akawa anakunja kamba zake. "Na kuhusu siku ile ya kukubeba, aliniambia njia ilikuwa fupi. Alitamani iendelee."

Sikushuka na mfuko. Nilimshukuru Minza, tukaagana vizuri, akaniita wifi tena na safari hii nikaitika. Ningepaswa kuwa na furaha, na furaha nilikuwa nayo, sikatai. Lakini tulipoanza safari nikaikumbuka siku ile ya mguu. Alinishusha barabarani, akapangusa jasho, akaniambia, "Uwe unaangalia unapokanyaga." Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa fungu langu. Yale mengine aliyabeba hadi Mbeya akampa Minza.

Tulipopita Chimala nikamwambia asimame pembeni. Akasimama, injini inaunguruma, akanitazama kwa wasiwasi.

"Kiti kimekaaje? Linavuta?"

"Halivuti. Njia ilikuwa fupi?"

Akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa linakwenda popote. "Minza anasema sana."

"Simuulizi Minza."

"Kwa fundi mtu unaeleza kila kitu, Mama Happy. Usipoeleza, gari haiponi."

"Na kwangu?"

Malori mawili yakatupita kuelekea Makambako. Akasubiri yaishe, kisha akasema polepole, "Nilijua wewe unajua."

"Minza alikuwa hajui, ndiyo maana ukamweleza," nikasema. "Na mimi sijui, Philbert. Nieleze."

Akazima gari, akanigeukia.