Bilauri ya Maji ya Samaki

Semeni alitaka meza yake. Cherehani aliyopewa na kaka yake ilikuwa bado imefungwa gunia, chini ya kitanda. Mezani, pale penye mwanga mzuri wa dirisha, palikaa sanduku la kioo lenye maji ya bahari, matumbawe na visamaki vya rangi. Mumewe Idarusi, karani wa forodha, alikuwa ameachiwa sanduku hilo na Mzungu mmoja wa Raskazone aliyerudi kwao, pamoja na karatasi za kupimia maji.

"Karatasi ikitoka kijani, maji mazima," alieleza Idarusi. "Ikitoka njano, yamechachuka; buluu, yamezidi magadi. Yakichachuka siku mbili mfululizo nawarudisha wote baharini. Wallahi."

Hakupaswa kuapa mbele ya mwanamke mwenye ndimu jikoni.

Idarusi alikuwa akichota maji ya kupima kwa bilauri iliyokaa kwenye rafu ya jikoni. Asubuhi iliyofuata Semeni akaiwahi, akakamulia ndimu ndani, akamwaga, yakabaki matone tu. Karatasi ikatoka njano. Idarusi hata chai hakuimaliza.

Kesho yake Semeni akakamua ndimu kubwa zaidi. Karatasi ikatoka kijani safi!

"Alhamdulillahi!" alisema Idarusi, na mkewe akaona ndimu za Tanga hazina tena imani.

Siku ya tatu akapumzika, asije akashukiwa. Karatasi ikatoka buluu, imekoza kama wino.

"Baba Mastura, hao samaki wako wana mambo."

"Si samaki. Kipimo ndicho kimerukwa na akili."

Jumapili, kazini hakuendi mtu, Idarusi akaamua kumsaka mchawi. Akachovya karatasi kwenye chai, akachovya kwenye maji ya mvua, nyingine akailamba. Semeni alicheka mpaka akashika ukuta. Mwishowe Idarusi akachovya ndani ya sanduku lenyewe: kijani. Akarudia: kijani. Akatia kwenye bilauri maji ya mvua yaleyale ambayo kikombeni hayakuwa na neno: buluu.

"Bilauri hii ina nini?"

"Ina usafi," alijibu mama yake Idarusi, Bi Asmahani, kutoka uani. "Tangu siku ile uliyoacha chai, nilipokuona unachotea maji ya samaki, naisugua kwa majivu kila alfajiri. Mgeni akija anyweshwe humo na shombo lako? Huna haya?"

"Na kuisuuza?"

"Nasuuza kidogo. Maji nateka mimi, si wewe."

Hapo Semeni akaelewa ni majivu ya nani yaliyokuwa yakiila ndimu yake. Lakini Idarusi alishafika kwenye rafu, akarudi na ganda la ndimu lililokamuliwa.

"Na hili?"

Semeni akajitia kupanga vikombe.

"Langu," alidakia Bi Asmahani, bila kuinua macho kwenye mchele anaopeta. "Ndimu hukata shombo."

Idarusi akawatazama wote wawili, mmoja mmoja.

"Nyumba hii mnasafisha mno. Nawahamishia samaki wangu chumbani, niwalinde mwenyewe."

Akachota maji kwa ndoo, akabeba sanduku, akalitua kwenye kimeza cha upande anaolala Semeni. Mkewe alipoingia kuvuta cherehani, samaki mmoja mwenye milia alikuwa amebandika mdomo kiooni, anamkodolea.

"Meza tupu hiyo, mwanangu," aliita Bi Asmahani. "Gauni langu la Idi unalianza lini?"

"Leo, mama."

"Na la Chiku mdogo wangu. Naye hapendi kungojangoja."

"Na lake, mama."

"Uzi ununue mwenyewe."