Gia ya Tano ya Afande Aol

Kishikio cha gia kilimpasukia Aol mkononi alipokuwa akipandisha kilima cha nyumbani kwake, Luzira, na shehena ya mchanga nyuma. Alivitupa vipande vya plastiki dirishani, akashika chuma kitupu, akaendelea na safari. Lakini jua la adhuhuri lilipokipasha kile chuma, kiganja kikaanza kubabuka, akaona hapana, hili lahitaji fundi.

Aol alikuwa ameendesha malori ya polisi mpaka mgongo ukamshinda. Alipostaafu aliondoka kambini Naguru na pikapu kuukuu ya gia nne na rivasi, pamoja na jina la Afande ambalo hakuna jirani aliyekumbuka kumvua. Alibeba chochote kilicholetwa: mchanga, kuku, vitanda vya watu wanaohama.

Fundi alikuwa Kasereka, Mkongomani kutoka Beni mwenye karakana Mengo, ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga miguu ya meza.

"Mama, mti unao?" aliuliza. "Yangu yote ni ya mbao laini. Mkono itaikula haraka."

Aol alichungulia nyuma ya pikapu. Kilikuwamo kigingi kinene, cha mti mzito mwekundu, alichokitumia kuzuia tairi lisirudi nyuma. Wapima barabara ndio waliokipigilia mbele ya lango lake, mwaka ule bango lilipoletwa kilimani likiwa na picha ya barabara ya lami. Baada ya bango kulikuja hema na hotuba. Kisha pesa za barabara zikaliwa, hema likakunjwa, vikabaki vigingi na matope.

"Chukua hiki," alisema.

Aliporudi kukichukua, kishikio kilikuwa tayari, cha mviringo, laini, kimeenea kiganjani kama kilipimwa. Kasereka alikuwa ametoboa tundu upande wa chini na kupachika nati ndani yake kwa gundi. Alikizungusha juu ya chuma cha gia taratibu mpaka mchoro wa gia ukakaa sawa, ukimtazama dereva. Aol akauangalia mchoro.

"Fundi, hii gari iko na gia nne. Wewe umechora tano."

"Mimi sikuhesabu, Mama. Mti ilikuwa na mistari yake, nikafuata."

"Na hiyo ya tano inaenda wapi?"

"Jaribu. Ikikataa, unaniletea, ninaifuta."

Haikukataa. Asubuhi iliyofuata Aol alipita gia zote nne, akakanyaga klachi, akasukuma kulia kisha mbele. Gia ikaingia bila hata kukwaruza, na chini ya magurudumu kukawa na lami. Ilikuwa na mistari myeupe iliyokolea, mitaro ya maji pande zote mbili, taa zilizopangwa mpaka upeo wa macho. Ndiyo ile ya kwenye bango, mpaka miche ya maua katikati. Ilianzia langoni kwake ikaishia kwenye lango la hospitali, na hapakuwa na gari jingine hata moja. Aliporudisha gia ya nne alijikuta kwenye mashimo ya kawaida, nje ya hospitali, watu wa bodaboda wakimpigia kelele asogee.

Alisimamisha gari akapima oili. Ilikuwa sawa.

Wiki hiyo Aol aliifanyia gia ya tano uchunguzi wake. Aliweka beseni la maji kwenye kiti cha pembeni, halikumwaga tone. Akabeba trei za mayai bila kuzifunga; halikupasuka hata moja. Akajaribu kusimama katikati ya barabara ile na kushuka, ili aiguse lami kwa mkono. Mguu wake ukazama kwenye tope mpaka kwenye kifundo. Akapanda tena, akafuta kiatu kwa gazeti, akajua kwamba barabara hiyo ni ya walio ndani ya gari tu. Majirani walipopata habari waliuliza kama anaweza kuwapitishia magodoro.

Kisha bintiye, Acayo, akashikwa na uchungu alasiri moja, mvua ikinyesha.

Alikuwa ameshika mimba mara moja kabla ya hiyo. Siku ya kujifungua pikapu ilinasa kwenye tope chini ya kilima, na wanaume wa mtaa wakaisukuma mpaka wakachoka. Mtoto alizaliwa humo humo kwenye gari, wa kiume, na hakulia.

Safari hii Acayo aliketi mbele kando ya mama yake, ameng'ang'ania mlango, akisubiri mashimo. Hayakuja.

"Mama, mbona hatutikisiki?"

"Niko kwa gia ya tano."

Acayo alitazama taa zikipita moja moja mpaka hospitali. Alijifungua salama, msichana aliyelia kwa sauti ya kuamsha wodi nzima. Aol alipoingia kumwona mjukuu, alimkuta binti yake amegeukia ukutani.

"Na yule wa kwanza angefika," Acayo alisema. "Mama, angefika."

Aol alikaa kitandani akamshika mguu.

Keshoye alivaa gauni la kanisani akaenda kwa mhandisi Olweny, msimamizi wa kampuni iliyopewa kazi ya barabara. Alimwambia aje aone mwenyewe kile ambacho watu wa kilimani wanakidai. Olweny alikuja, akafunga mkanda, Aol akatia gia ya tano. Njia nzima Olweny alikuwa akipiga picha kwa simu.

"Lami nzuri," alisema. "Na mitaro imekaa vizuri."

"Umeona sasa? Hiyo ndiyo tunaitaka. Chini, kwa miguu ya watu."

"Nimeona, Afande. Barabara ipo."

Alishuka, akapeana naye mkono, akatafuta pa kukanyaga penye majani. Haukupita muda mafundi wa rangi wakaja na ngazi, wakaandika juu ya bango: IMEKAMILIKA. Uchunguzi wa pesa zilizoliwa, uliokuwa umeanza, ukafungwa, kwa kuwa picha zilionyesha kila kitu.

Aol alirudi Mengo. Kasereka akashika tupa, akaiweka juu ya mchoro.

"Niifute, Mama?"

Aol aliwafikiria wanawake wa kilimani waliokwisha kumwomba awabebe siku zao zikifika. Mmoja alitarajia mwezi ule ule.

"Wacha," alisema.

Kwa hiyo anawabeba. Na siku hizi, akiwa kwenye gia ya tano, huwaona majirani zake pembeni mwa lami, hafifu kama walio nyuma ya pazia, wamekunja suruali na kushika viatu mkononi, wakiruka mashimo ambayo kwake hayapo. Aol huwapigia honi. Nao, ingawa hawaoni gari lolote, husogea kando kwenye matope wampishe, na wengine huinua mkono kumsalimu.