Hasira za Jumatatu

Kila asubuhi, saa moja na robo, mzee mmoja alisimama mbele ya kibanda cha magazeti akisoma vichwa vya habari huku akiguna, na mzee mwingine alisimama ng'ambo ya barabara akijifanya anafunga kamba za viatu. Wa kwanza akishanunua gazeti lake na kuondoka, ndipo wa pili huvuka. Viatu vyenyewe vya huyo wa pili havikuwa na kamba. Mtaa mzima ulilijua hilo, na ulikuwa umecheka mpaka umechoka.

Wa kwanza aliitwa Mhariri, ingawa gazeti la mwisho kulihariri lilikuwa la miaka thelathini iliyopita, kabla hajafukuzwa kazi. Wa pili alikuwa fundi wa mihuri, na ofisi nyingi za mji ule ziligonga mihuri aliyoichonga yeye. Zamani alikuwa karani wa masjala Ikulu, yule anayepokea kila bahasha, akaigonga muhuri wa tarehe, kisha akaipeleka inakotakiwa. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja, na binti wa Mhariri alikulia pande zote mbili za ukuta huo. Binti alimwita Fundi Baba Mdogo, kwa sababu wakati huo Fundi na baba yake walikuwa chanda na pete.

Kilichowatenga kilikuwa kikubwa kuliko wao. Taifa moja lenye ubavu lilitaka kuweka kambi ya jeshi nchini, na mazungumzo yakawa yanaendelea kimyakimya. Jumatano moja Mhariri akakuta bahasha isiyo na jina chini ya mlango wa ofisi yake, ndani mna nakala ya barua ya kuomba kambi. Alhamisi akaichapisha ukurasa wa kwanza. Nchi ikachemka. Jioni ileile Rais akaingia redioni na kufoka kwa namna ambayo watu hawajapata kuisikia: gazeti limeivua nchi nguo mbele ya wageni, mhariri hafai, aliyeivujisha barua atajuta. Hata hivyo, akasema, kwa kuwa wananchi wamekwisha kukataa, yeye ni nani awapinge? Mazungumzo ya kambi yamefungwa. Ijumaa Mhariri akafukuzwa. Jumamosi akafukuzwa karani wa masjala, kwa kosa la kuwa na rafiki anayejulikana.

Wakahojiwa, kila mmoja chumba chake, na kila mmoja akaambiwa maneno yaleyale: "Mwenzako keshasema yote." Wapelelezi nao wana mtego wao, na huo ni wa tangu enzi. Basi Karani akatoka anaamini kwamba rafiki yake amemtaja ili ajiokoe. Mhariri naye akatoka anaamini kwamba rafiki yake alileta bahasha, kisha alipobanwa akaikana na kumwita yeye mzushi. Tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu.

"Nikifa asije," Mhariri alikuwa akimwambia bintiye. "Akija kunizika nitaamka, nimfukuze, kisha nife tena."

"Mwambie baba yako nina kazi nyingi," Fundi alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta. Masikio yake yalikuwa yamezeeka, kwa hiyo sauti yake ilifika mpaka njia panda. "Sina nafasi ya kuzika watu wasioniamkia!"

Binti alicheka kama wengine, lakini yeye kicheko kilimwachia kidonda. Wazee wote wawili walikuwa wameshavuka sabini. Siku moja ukuta ule ungebaki na mzee upande mmoja tu, na huyo atakayebaki angejuta peke yake. Alichokitaka maishani, kuliko cheo na kuliko nyumba, ni wawili hao wasalimiane wangali hai.

Sasa, kazi ya binti huyu ilikuwa kutunza nyaraka za marais. Wenzake walimwita Bi Tarehe, maana hakuna kilichomkosesha raha kama karatasi isiyo na tarehe. Miezi ile walikuwa wakiandaa masanduku ya Rais yule, aliyekwisha kufariki, ili yafunguliwe kwa umma baada ya kutimia miaka thelathini. Kazi ilikuwa tamu. Mtu aliyetisha kwenye picha ukutani aligeuka binadamu ndani ya masanduku. Alisoma magazeti na penseli ya kijani mkononi, akisahihisha makosa ya tahajia pembeni. Aliwahi kumwandikia rais mwenzake kurasa tatu za kumshukuru kwa saa ya ukutani, kisha akamwandikia katibu wake mstari mmoja: "Saa hii inagonga mara kumi na tatu. Itafutiwe mtu wa kupewa."

Katika sanduku la arobaini na moja Bi Tarehe alikuta ile hotuba ya hasira. Kurasa nane, zimepigwa chapa vizuri. Maneno yote aliyoyasikia redioni akiwa na miaka kumi na miwili yalikuwemo, pamoja na alama za penseli ya kijani. Hapa, "Nipaze sauti." Pale, "Nigonge meza." Mahali pengine, "Ninyamaze kidogo, kama mtu aliyeumia." Mwisho wa ukurasa wa nane paliandikwa kwa mkono uleule: "Karani wa masjala atashukiwa. Aondolewe wiki mbili, kisha arudishwe kazini. Nikumbushwe."

Chini yake hapakuwa na kitu. Hakuna aliyemkumbusha.

Kisha akatazama muhuri wa kupokelewa, uliogongwa kwenye bahasha ya hotuba hiyo, iliyopita masjala ikiwa imefungwa. Ulikuwa wa Jumatatu. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa kalenda ya mwaka ule. Gazeti lilitoka Alhamisi. Hotuba ya kulilaani gazeti ilipita masjala siku tatu kabla gazeti halijachapishwa, na siku mbili kabla Mhariri hajaokota bahasha.

Akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, mtu mpole aliyependa mambo yaliyonyooka.

"Ah, hilo dogo," Mkurugenzi alisema. "Karani alisahau kugeuza tarehe ya muhuri. Ihamishe, iwekwe baada ya Alhamisi, mahali inapoeleweka."

"Huyo hasahau, Mkurugenzi."

"Unamfahamu?"

Alimfahamu. Alipokuwa mdogo, Baba Mdogo alikuwa na muhuri wa zamani nyumbani kwake, wenye vigurudumu vya tarehe. Kila asubuhi kabla ya chai alimwachia mtoto auzungushe. Chai haikumiminwa mpaka siku iwe sahihi.

"Ni jirani yetu," alisema. "Na huyo mhariri ni baba yangu."

Mkurugenzi akavua miwani. "Sasa wewe si una lako jambo hapa?"

"Ninalo. Ndiyo maana sitaki kuigusa. Hata wewe nakuomba usiiguse. Karatasi ikae ilipokutwa."

Wakavutana nusu saa, kwa heshima zote. Mwishowe karatasi ikabaki mahali pake, ila Mkurugenzi akabandika kipande cha karatasi juu yake: "Tarehe inatiliwa shaka." Akamkumbusha pia kiapo cha kazi. Kabla ya siku ya ufunguzi, lililomo ndani ya sanduku halitoki nje, hata kwa baba, hata kwa jirani.

Zilikuwa wiki tatu ngumu. Kila jioni aliketi mezani na baba yake, jibu la miaka thelathini limemkaa kooni, na mzee akimuuliza mbona hali. Tangazo la redio ndilo lililomwokoa: masanduku yatafunguliwa Jumatatu, mwananchi yeyote anaweza kuomba jalada.

"Nitakuwa wa kwanza!" Mhariri alipiga paja. "Nikauone ushahidi kwa macho yangu."

"Nimesikia!" sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, na kwa kweli hakuna aliyeelewa amesikiaje. "Mwambie mimi nitamtangulia huyo wa kwanza!"

Jumatatu walifika pamoja, kila mmoja na suti yake ya harusi za watu, wakaingia mlangoni bega kwa bega kwa kuwa hakuna aliyekubali kupisha. Katika chumba cha kusomea walipewa fomu na penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi mle. Penye "Sababu ya kuomba" Mhariri akaandika: "Kuthibitisha usaliti wa jirani yangu." Fundi akaandika: "Kuona nilivyouzwa." Wote wawili wakaomba jalada lilelile.

"Jalada ni moja," Bi Tarehe alisema, akiliweka katikati ya meza. "Halitoki mezani. Itabidi mkae pamoja."

Wakakaa, katikati yao pana nafasi ya mtu wa tatu. Likafunguliwa. Mhariri akainama, akainuka, akainama tena. Chapa ilikuwa imefifia, na macho yake hayakuwa yale ya zamani. Alipapasa mifuko kutafuta miwani ya kusomea, haikuwemo. Akalisogeza jalada mbali na uso, akalirudisha karibu.

"Soma," alisema hatimaye, bila kumtazama mtu.

Hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia Fundi katika miaka thelathini. Fundi hakulisikia. Bi Tarehe ikabidi amwonyeshe kwa kidole.

Naye akasoma, kwa sauti ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. Chumba kizima kikanyanyua vichwa. Mkurugenzi akaja mbio, kidole mdomoni, lakini Fundi alikuwa amefika kwenye "Nigonge meza" na bila kufikiri akaigonga. Msomaji mmoja wa pembeni akaangua kicheko. Hakuna aliyesema tena habari za kunyamaza.

Halafu Fundi akaona kile kipande cha karatasi. Akakisoma mara mbili.

"Tarehe inatiliwa shaka? Na nani?" Alisimama. "Muhuri huu ni wangu! Tazameni, saba yake ina pengo kichwani, niliiangusha mwenyewe sakafuni nikalia. Miaka kumi na tisa nimegonga Ikulu, kila asubuhi nimegeuza tarehe kabla ya chai. Kama muhuri wangu umesema Jumatatu, ilikuwa Jumatatu!"

Mkurugenzi alikitazama kile kipande chake kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgeni.

Lakini Mhariri alikuwa ameshageuka. Ule uzee ulimtoka usoni, akawa mtu wa chumba cha habari tena. "Jumatatu? Mimi nilichapisha Alhamisi. Alinikasirikiaje Jumatatu?" Akahesabu polepole. "Wale wageni asingeweza kuwakatalia usoni. Alitaka gazeti limkatalie. Bahasha alinipelekea yeye! Kisha akanifokea, na wageni wakamwonea huruma." Akatikisa kichwa, na watu wakashangaa kumwona anacheka. "Mzee yule! Alinitumia kama mpini wa jembe. Na kambi haikujengwa mpaka leo."

"Geuza," alisema tena, na safari hii alimtazama mwenzake.

Ukurasa wa mwisho wa jalada ulikuwa ripoti fupi ya wapelelezi. Fundi alianza kwa sauti yake ileile. "Mhariri amehojiwa siku tatu. Hakumtaja mtu yeyote. Amesema hajui, na kwamba angejua asingesema." Sauti ikashuka. "Karani amehojiwa siku nne. Kila swali alijibu, Mhariri ni rafiki yangu, hasemi uongo, andikeni hivyo."

Hakumalizia vizuri. Alikuwa analia, na hakujificha. Mhariri naye alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Miaka thelathini ya asubuhi ilikuwa imepotea kwenye kibanda cha magazeti, na haikuwa na wa kuirudisha.

"Siku nne?" Mhariri akauliza, karibu na sikio la mwenzake.

"Nne. Wewe tatu."

"Mimi ya nne niliugua."

"Visingizio," Fundi alisema, akapangusa pua. Wakaanza kucheka wote wawili, vibaya, kama watoto waliokatazwa.

Mhariri akanyoosha mkono kwa bintiye. "Niletee fomu yangu. Na kifutio."

"Baba, hapa hatufuti kitu." Ilimuuma kusema hivyo. "Fomu imeshaingia kwenye kumbukumbu."

"Wewe ndiye wa kunifundisha? Gazeti likikosea halifuti. Linachapisha masahihisho. Nipe."

Akampa. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaandika chini ya mstari wake wa asubuhi kwa herufi kubwa zilizopinda. Kisha akamsukumia Fundi, naye akasoma kwa sauti, chumba kizima kikisikiliza:

"Masahihisho. Hapo juu panaposomeka 'usaliti wa jirani yangu', pasomeke 'uaminifu wa rafiki yangu'. Kosa ni la mhariri. Anaomba radhi."

Fundi aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa muhuri mdogo wa mbao na kidau cha wino. Bi Tarehe akashtuka; wino, ndani ya chumba kile! Akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa amegeuka ukutani, anasafisha miwani yake kwa bidii kubwa sana.

Muhuri ukagonga mara moja. IMEPOKELEWA, ulisema, na chini yake tarehe.

Bi Tarehe akainama kuiangalia, kwa mazoea tu. Ilikuwa ya leo.

"Kabla ya chai," Baba Mdogo alimwambia. "Kama kawaida."