Kikatio Mkobani mwa Dada

Kule baani walimwita Spika, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na swichi. Kazini alikuwa fundi vioo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kioo hakitaki hotuba, kinataka mkono uliotulia, na wa kwake ulitetemeka kila asubuhi kama simu iliyozimwa sauti. Alipopasua kioo cha kabati la bibi harusi, kisha akapasua na kile cha kufidia, dada yake mkubwa, mwenye karakana, alimnyang'anya kikatio chake cha vioo chenye gurudumu dogo, akakitia mkobani na kuvuta zipu.

"Nasikia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe," dada alisema. "Kitafute. Ukienda kweli, nitakurudishia kikatio chako. Usipokwenda, Jumatatu kuna fundi mwingine anaanza."

"Dada, mimi damu yako."

"Ndiyo maana nimekupa hadi Jumatatu. Na ukirudi usiniletee hadithi. Zimenijaa hadi hapa." Akagusa koo.

Spika akaanzia zahanati. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba mshauri wa walevi yuko hotelini kwenye semina ya madhara ya pombe, na hawezi kurudi mapema kwa sababu semina inafungwa kwa tafrija. Akaenda kwa mhubiri. Mhubiri alimshika kichwa, akamwombea kwa sauti iliyosikika hadi sokoni, akamtangazia kuwa amepona.

"Nashukuru, baba. Sasa kikundi chenyewe kiko wapi?"

Mhubiri akamtazama kama mtu aliyerudishiwa zawadi.

Miguu ilimpeleka ilikozoea. Alikaa kaunta akiwa na nia njema kabisa, jambo ambalo kaunta ile haikuwahi kuliona. Mhudumu alikuwa anafuta glasi.

"Ya kila siku?"

"Leo nauliza njia tu, dada'ngu." Akamweleza shida yake.

"Si ungeniuliza mapema," mhudumu alisema. "Wateja wangu wote waliopotea wako huko. Toka hapa, pita baa yenye viti vya matairi, kata kushoto kwenye ile baa iliyofungwa. Ukifika kilabu chenye mlango wa bluu ujue umepitiliza."

"Hakuna njia isiyo na baa?"

"Ipo. Lakini wewe mji huu unaujua kwa alama gani nyingine?"

Kweli tupu. Akaenda, mkono mfukoni, huku kila mlango ukimwita: "Spika, unapita tu?" Naye akijibu, "Napita tu," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Kikundi kilikutana kwenye darasa la ushonaji. Cherehani zilikuwa zimefunikwa vitambaa, viti vya plastiki vimepangwa duara, birika la chai linafuka. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa yule waliyemwita Mwenyekiti, mlevi mwenzake wa zamani, ambaye baani walisikia kafa.

"Wewe si tulikuomboleza?"

"Nilipata habari. Nikaambiwa mlinililia mpaka kreti zikaisha."

Wa pili alikuwa baba mwenye nyumba, yule anayewapangisha karakana, ambaye kila akipita husimama mlangoni kumtangazia dada kwamba nyumba yake si ya kufugia walevi. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai ilikuwa inamwagikia suruali.

Mama aliyeongoza kikao alisema sheria ni moja: uliyemwona humu, hukumwona. Zamu ya Spika ilipofika, maneno yote aliyoyapanga njiani yalimkimbia.

"Mkono wangu unatetemeka," alisema, akakaa. Baba mwenye nyumba aliitikia kwa kichwa polepole, macho sakafuni.

Alipofika karakana, dada alikuwa ameupakata mkoba.

"Umekwenda?"

"Nimekwenda."

"Umewakuta akina nani?"

Ulimi ulimwasha. Jina moja tu, na kikatio kingetoka, tena yale matangazo ya mlangoni yangekoma milele.

"Watu."

"Watu gani?"

"Wamekaa kwenye viti."

"Wakasemaje?"

"Siwezi kusema, dada."

Dada alimkagua kama anayetafuta ufa kwenye kioo.

"Ulipopotea ukadai ulikuwa msibani, ulinitajia marehemu, shangazi zake wote, hadi mvua iliyonyesha makaburini. Na msiba haukuwepo." Zipu ikalia. "Uongo wako nimeulea tangu mdogo, sijawahi kuuona umekonda hivi. Huu utakuwa ukweli." Akamwekea kikatio mezani. "Anza na vipande vya kutupa."

Mstari wa kwanza ulipinda kama njia ya kutokea baani. Wa pili ulipinda kidogo. Alikuwa anaupima wa tatu wakati kivuli kilipotanda mlangoni. Dada akajiweka sawa kwa vita.

Baba mwenye nyumba alimtazama Spika. Spika alitazama kioo.

"Poleni na kazi," alisema baba mwenye nyumba, akaondoka zake, suruali ina alama ya chai.

Dada alibaki na jibu lake mdomoni. "Huyu leo kapatwa na nini? Hata kututukana hajatutukana. Hebu nieleze, wewe si unajua kila kitu cha mji huu?"

Spika alibana midomo, akainama, akavuta mstari.