Plasta Kwenye Taa ya Mafuta

Teksi ilizimika kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na dereva hakushangaa. Alizijua tabia zake: ingesusa dakika ishirini hivi, ipoe, kisha iwake kana kwamba haijamtenda kitu. Siku nyingine angeisubiri huku akipiga soga na wapita njia. Leo mama yake alikuwa kiti cha nyuma, miguu imemvimba, na mashine ya kumsafisha damu alipangiwa saa mbili kamili. Ilibaki robo saa.

Alimpigia simu fundi wake, Kiraka, aliyekuja kwa miguu, spana mfukoni. Kiraka alichomoa waya wa plagi, akaona cheche.

"Moto upo," alisema. "Samahani mama, tukushushe kidogo. Nataka kuangalia chini ya kiti."

Wakamkalisha mama juu ya ndoo kando ya barabara. Kiraka akainua kiti, akafungua kifuniko cha tangi, akagusa na kurudisha mkono haraka.

"Pampu inachemka. Hii hukaa ndani ya mafuta, na mafuta ndiyo yanayoipoza. Kwani wewe huwa unatia kiasi gani?"

"Ya kunifikisha."

"Na taa haikuonyi?"

Kiraka alichungulia kwenye dashibodi, akakuta kipande cha plasta kimebandikwa juu ya taa ya mafuta.

"Ilikuwa haizimi," dereva alisema. "Mafuta yanapanda kila mwezi, kaka. Nikiitazama kutwa nzima, nitaendesha saa ngapi?"

Kiraka alitaka kumtania, akaghairi. "Basi gari unaliua kwa njaa, ndugu yangu," alisema taratibu.

Alilowesha kitambaa, akakilaza juu ya pampu, wakangoja. Safari hii dakika ishirini hazikutosha; gari lilipowaka, saa tatu ilikuwa imepita.

Hospitalini, karani wa mapokezi hakuinua uso. "Nafasi yake kapewa mwingine. Ukichelewa nusu saa, imekwenda. Mleteni Alhamisi."

"Dada yangu, leo Jumatatu. Alhamisi ni mbali kwake."

"Utaratibu sikuuweka mimi."

Mlango nyuma yake ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na mashine mbili zimefunikwa shuka.

"Na zile?"

"Mbovu. Tangu mwaka jana."

Dereva alisimama akizitazama. Mama ndiye aliyemshika mkono wakatoka, yeye mgonjwa akimwongoza mzima.

Garini alilia bila kujificha. Kisha akaibandua ile plasta kwa kucha. Alipowasha gari, taa ikawaka, na haikuzima.

Mama aliitazama kwa muda kutoka kiti cha nyuma.

"Irudishe tu hiyo plasta, mwanangu," alisema. "Taa itakuumiza macho bure, na nyumbani bado mbali."